Nafasi Mbili Zilizo Wazi

Nikifundisha mwendo wa vitu vinavyorushwa, huwaambia vijana wangu wa kidato cha tano waanze na jambo moja tu. Jiwe likishauacha mkono, tukiuweka upepo kando, kinacholitawala ni uvutano wa dunia, nao unaelekea chini. Mchapuko huo ni vekta g. Chukua intigrali yake, unapata mwendo. Rudia, unapata mahali:

r = r₀ + v₀t + ½gt²

Tuseme mtoto analenga embe, jiwe linatoka na mita 6 kwa sekunde kwenda mbele na mita 8 kwenda juu. Kama uvutano usingekuwepo, baada ya sekunde 0.8 lingekuwa mita 4.8 mbele na mita 6.4 juu. Uvutano, tukiukadiria kuwa 10, umelishusha mita 3.2. Limebaki mita 3.2 juu, na hapo ndipo kilele chake. Njia nzima iko hivyo: mstari ulionyooka, na anguko chini yake. Galileo aliichapisha parabola hii mwaka 1638, kabla vekta hazijapata jina.

Binti mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kama njia yote imo ndani ya mlinganyo, hiari iko wapi?" Swali zito; wazee wetu wamekesha nalo katika kadari.

Nilimwonyesha r₀ na v₀. Kila intigrali huacha nafasi wazi. Kanuni inasema mwendo utabadilikaje. Haisemi jiwe lilianzia wapi, yaani r₀, wala lilitoka na mwendo gani, yaani v₀. Utasema mkono nao una kanuni zake, za misuli na mishipa ya fahamu. Ni kweli, lakini hizo nazo zinadai mwanzo wao. Hata Laplace, alipowazia mwaka 1814 akili inayoona yajayo yote, ilimbidi kwanza aipe hali ya kila kitu kwa wakati mmoja. Kanuni peke yake hazikumtosha.

Sisemi fizikia imethibitisha hiari, haijathibitisha. Wala simfungii Mungu ndani ya nafasi hizo mbili, maana naamini hata g ni yake. Ninachokikataa, na nitakikataa mpaka nistaafu, ni kauli kwamba sayansi imemwondolea mtu lawama. Jiwe likivunja kioo cha jirani, uvutano hauna kesi ya kujibu. v₀ ilitoka mkononi mwa mrushaji, na kioo atakilipa yeye.