Binti wa Majivuni na Dada Zake

Hadithi ya binti aliyefiwa na mama, akateswa na mama wa kambo, haina nchi moja. Huko China iliandikwa katika karne ya 9 na Duan Chengshi: Ye Xian alipoteza kiatu cha dhahabu, na mfalme akamtafuta mwenyewe hata akamwoa. Huko Ufaransa Charles Perrault aliiandika mwaka 1697, akimwita binti huyo Cendrillon, yaani wa majivuni.

Watu hupenda habari za kiatu. Sisi tutazame mwisho. Watesi wa Ye Xian waliuawa kwa mawe yarukayo. Katika chapa ya ndugu Grimm, Wajerumani, ya mwaka 1819, njiwa waliwadonoa macho dada wale. Bali Cendrillon aliwainua dada zake waliomwangukia miguuni, akawakumbatia, akawapa makao katika jumba la mfalme na kuwaoza kwa mabwana wakubwa. Ndivyo Yosefu alivyowatendea kule Misri ndugu zake waliomwuza.

Lakini msamaha ule ulikuwa mali yake aliyeteswa. Wewe unayemlaza jikoni yatima wa ndugu yako, hali wanao wako shuleni, huna haki ya kumdai.