Kagusa

Meza ilifika Ngokolo usiku, juu ya Fuso iliyokuwa inarudi tupu kutoka Katoro. Ilibidi tuite vijana sita kuishusha. Meza ya pool ya zamani si mbao tupu kama wengi wanavyodhani. Chini ya kitambaa cha kijani kuna jiwe, bamba moja zima, na jiwe hilo halina huruma na vidole. Mama alisimama mlangoni, kanga mabegani, akauliza swali moja tu: "Hiyo baa tunaifungua lini?"

Sifungui baa. Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa Dar es Salaam, na nimerudi nyumbani Shinyanga kuandika tasnifu. Haiandikiki. Mtu ambaye tasnifu yake haiandikiki hutafuta kitu cha kutengeneza kwa mikono. Basi Mjomba alipofunga grosari yake ya Katoro akanipigia simu: "Mjomba, ile meza yako niipasue kuni au unakuja kuichukua?" (Sisi huitana mjomba wote wawili, kama desturi ilivyo.) Alisema meza yako. Nilidhani ni maneno tu.

Nilikaa kwenye grosari hiyo likizo zangu zote za sekondari. Mwaka 2014 nilikuwa na miaka kumi na mitano na kazi yangu ilikuwa meza: kubadilisha noti kuwa sarafu za mia mbili, kupaka chaki, kuandika gemu ukutani, na kuamua ugomvi. Wachezaji wengi walikuwa wachimbaji wadogo kutoka maduara ya Rwamgasa na Nyarugusu. Walikuja siku za mgawo, mavumbi ya mawe yakiwa bado kwenye kope. Mwaka 2016, enzi za Hapa Kazi Tu, viongozi walipokuwa wakikemea vijana wanaocheza pool saa za kazi, biashara ilianza kudorora, na haikurudi tena vizuri. Lakini hayo yalikuja mimi nikiwa nimeshaondoka.

Nilipofungua ubavu wa meza nilikuta kiota cha panya, sarafu tisa zilizokwama, na kipande cha chaki ya bluu kikubwa kama jino. Watu wengi hucheza pool maisha yao yote bila kujua kinachotokea mpira ukishatumbukia. Kila shimo lina njia yake ya mbao iliyoinama, na njia zote sita hukutana kwenye mfereji mmoja. Hapo mipira ya rangi hulala ikisubiri sarafu. Ukisukuma sarafu ndani, chuma kinainuka, kizuizi kinafunguka, mipira inabingirika kuja dirishani kwa ule mlio ambao mtu wa Katoro ataujua hata usingizini. Mpira mweupe haukai kifungoni. Kwenye meza yetu ni mdogo kuliko mingine kwa kama milimita tatu, kwa hiyo ukifika mahali penye pengo unadondoka kwenye njia yake pekee na kurudi kwa mchezaji. Hakuna umeme, hakuna akili, ni mwinamo na tofauti ya milimita tatu. Nilikaa kitako kwenye sakafu nikiibingirisha ile mipira kwa zaidi ya saa moja.

Mipira yenyewe sasa ni ya plastiki ngumu. Zamani mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na katika karne ya 19 pembe nyingi zilishuka kutoka bara hadi Bagamoyo na Zanzibar juu ya mabega ya wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa huku kwetu. Kwa hiyo mpira ulianza kubingirika zamani. Sijui nifanye nini na jambo hili, ila nililifikiria kila nilipoushika mpira mweupe.

Kitambaa kipya nilikiagiza Kariakoo, pamoja na Arduino, vipande vya kutoa na kupokea mwanga usioonekana, na kihisi cha rangi. Nilitaka meza ijihesabie. Kila shimo lina mwale. Mpira ukipita, mwale unakatika, na kule kwenye mfereji kihisi kinasoma kama ni nyekundu au njano. Namba zinatokea kwenye kioo kidogo nilichokifunga pembeni. Umeme ukikatika kuna betri ya pikipiki. Wiki ya kwanza mashine ilikuwa inadanganya: mpira mmoja wa njano umezeeka ukawa na rangi ya chai, kihisi kikaung'ang'ania kuwa ni mwekundu. Nilirekebisha kwa kubadilisha mstari mmoja wa programu. Nilijisikia wivu. Mashine ilikosea, ikasahihishwa, yakaisha, maana haikuwa na sababu ya kukosea.

Mimi nilikuwa na sababu, noti ya elfu tano. Ilikuwa mechi ya gemu saba, dau laki na nusu kila mmoja. Mchezaji mmoja alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu aliyekuwa akinitania na kuninunulia soda. Wa pili alikuwa mchimbaji aliyesema hiyo ni pesa ya mgawo wake wa kwanza baada ya miezi minne. Kabla ya mechi yule mnunuzi alinipa ile noti akasema, "Ya daftari hiyo, dogo." Hakuomba kitu. Walifika tatu kwa tatu. Gemu ya mwisho, mchimbaji amebaki na nyeusi tu. Alipiga. Mpira mweupe ukapita pembeni ya njano ya mwenzake kabla ya kuifikia nyeusi, karibu kabisa, kisha nyeusi ikagonga ukingo ikasimama mdomoni mwa shimo. Kelele zikaanza. Kama mweupe uligusa njano kwanza, ni faulo, na mpinzani anapata mapigo mawili. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimeinama usawa wa meza, na kwa sababu nilikuwa mwanafunzi, mtoto asiyeweka dau.

"Dogo, kagusa?"

Haukugusa. Niliona mwanga kati ya mipira miwili.

"Kagusa," nikasema.

Mchimbaji hakupiga kelele. Aliweka fimbo mezani, akaniangalia. "Umeona kweli, mdogo wangu?" Nikasema nimeona. Akatikisa kichwa kukubali, akasogea pembeni, akamwacha mwenzake apige mapigo yake mawili na kumaliza. Wizi wa fedha ningeweza kuuita wizi, nikaubeba hivyo. Lakini alikubali. Aliyachukua maneno yangu akayaamini kuliko macho yake.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, anatoa mfano wa muuza duka asiyempunja mtoto aliyetumwa dukani. Kama hampunji kwa sababu jina zuri linaleta wateja, anasema Kant, tendo lake ni sahihi lakini halina thamani ya kimaadili. Mfano huu nimeufundisha kwenye semina za mwaka wa kwanza, nikijisikia mwerevu. Na nilipokuwa nalehemu nyaya chini ya meza ulinirudia kwa njia mbaya: je, natengeneza nini hapa? Mahali ambapo hakuna anayeweza kudanganya hesabu, hakuna aliye mwaminifu wa hesabu pia. Nilikuwa nahangaika kujenga meza ambayo isingeweza kunijua mimi ni mtu wa namna gani.

Kwa siku kadhaa niliipenda hoja hiyo. Ni hoja tamu. Halafu nikaikumbuka mizani.

Kabla ya soko la madini la Geita kuzinduliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo mara nyingi aliuza dhahabu yake kwa mnunuzi mwenye mizani yake mwenyewe, na aliyesoma mizani ndiye huyohuyo aliyenunua. Sokoni kuna mizani inayosimamiwa, na kipimo kinachosoma usafi wa dhahabu. Sijamsikia mchimbaji hata mmoja akisikitika kwamba wanunuzi wamenyimwa nafasi ya kuonyesha uaminifu wao. Nafasi yangu ya kuwa mwema, pale mezani, ililipiwa na mtu mwingine. Dau lilikuwa lake. Kant anaangalia moyo wa muuza duka. Mtoto aliyetumwa anaangalia chenji, na nyumbani wanamsubiri nayo.

Kwa hiyo mashine ibaki. Nilikuwa nimeshaamua hivyo nilipoifunga skrubu ya mwisho.

Ila nilipoiwasha na kuanza kupiga mipira peke yangu, niligundua jambo ambalo mtu mwenye akili angeligundua kabla ya kutumia fedha. Vihisi vyangu vinajua kilichodondoka. Havijui kilichogusa. Usiku ule wa Katoro hakuna aliyebishania idadi. Zilikuwa tatu kwa tatu, na ukutani ziliandikwa tatu kwa tatu, kwa mkono wangu, kwa usahihi. Nilitumia miezi miwili na fedha ya kodi ya chumba kutengeneza mashine ya kuzuia kosa ambalo sikulifanya.

Ngoma zetu za Kisukuma zina njia nyingine. Bagika na Bagalu wakishindana, kama kwenye Bulabo kule Bujora kila mwezi wa sita, umati ndio mwamuzi: watu wanahama kwa miguu yao kwenda upande uliowavuta, na mshindi ni yule aliyebaki na watu. Huwezi kumnong'oneza mtoto mmoja. Lakini kule Katoro umati wote ulikuwa na dau pembeni, ndiyo maana ukamtafuta asiye nalo.

Nilimwambia Mjomba nilipokwenda kuichukua meza. Miaka kumi na kitu nimelibeba, nikalisema tukiwa tunafungua miguu ya meza, yeye ameshika spana. Hakusimamisha kazi. "Nilijua. Mwanafunzi hana noti mpya siku isiyo ya posho."

"Mbona hukusema?"

"Mwenye meza hukata chake kwa kila mechi, mjomba. Nami nilikata." Akahangaika na bolti iliyoshika kutu. Yule mchimbaji, alisema, aliondoka kufuata rashi nyingine, na kwenye rashi watu hawaachi anwani. Akanishauri nitoe laki na nusu kanisani. Nilishukuru, lakini sijaitoa. Kanisa sikulidhulumu. Ninayo kwenye simu, kwenye akaunti ambayo siigusi, na najua kwamba fedha iliyokaa hivyo haimlipi mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alileta wenzake watatu. Dau lilikuwa soda. Walipenda kioo kinachohesabu, wakakipiga picha, wakaacha kukiangalia baada ya nusu saa. Jioni, gemu ikiwa karibu kuisha, mmoja akapiga, mweupe ukapita ubavuni mwa nyekundu, makelele yakaanza. Mdogo wangu alikitazama kioo kwanza. Kilisema 6–5. Kisha wote wanne wakanigeukia.

"Kaka, kagusa?"

Nilikuwa kwenye kigoda, nimeinamia waya uliolegea.

"Sikuona," nikasema.

"Si ulikuwa hapohapo?"

"Nilikuwa hapa. Sikuona."

Wakairudisha mipira mahali ilipokuwa, wakaanza kubishana mweupe ulikuwa umekaa wapi hasa.