Jiko Lisilotoa Moshi

Mtu wa Voi haijui baridi. Mji wake uko chini, takriban mita 600 juu ya bahari, na shida yake ya kila siku ni jua. Lakini akishika barabara ya Mwatate na kupanda hadi Wundanyi, amefika kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na mwezi Julai huko juu asubuhi ni ukungu na manyunyu. Kisa hiki ni cha fundi seremala aliyehamia huko. Fundi mwenyewe ni wa mfano. Kilichomuua si cha mfano, kwani kila msimu wa baridi nchini Kenya tunasikia watu waliofia chumbani kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi alipanga nyumba yenye gereji, akaigeuza karakana: mabati juu, saruji chini, mlango mpana wa chuma. Baridi ilianza na vidole vyake, kisha ikaingia kwenye kazi. Gundi ya mbao iliyokuwa ikishika upesi kule Voi, huku ililala mbichi, na vanishi ikafanya weupe juu ya meza iliyokwisha kupigwa msasa. Naye alikuwa na oda ya madawati ya shule, na siku ya kuyapeleka imekaribia.

Aliulizia hita ya stima, akaiona ghali. Akaamua kutumia jiko la makaa, tena kwa uangalifu mkubwa. Aliliwasha nje, akapepea, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo akaliingiza. Kando yake akaweka sufuria ya maji, kama watu wanavyoshauriana. Mwisho akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa magunia na matundu ya mabati kwa karatasi, joto lisipotee.

Mchana mwanafunzi wake akalalamika.

“Fundi, kichwa kinanigonga, na tumbo linachafuka.”

“Ni baridi hiyo, kijana. Hebu nenda dukani uniletee misumari.”

Kijana alitoka, na kabla hajafika dukani kichwa kikawa chepesi. Aliporudi ndani, kikaanza tena. Hakuna aliyejiuliza ni kwa nini. Usiku fundi akalala mle mle karakanani, jiko likiwaka ili gundi ikauke. Asubuhi kijana aligonga mlango, asiitikiwe.

Makaa yanapowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Moshi si kipimo chake: makaa mekundu yasiyofuka hata kidogo huitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu hung’ang’ania himoglobini inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili unakosa oksijeni ilhali mtu anapumua. Sufuria ya maji haizuii kitu, maana gesi hiyo ni vigumu kuyeyuka majini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Lakini palipo na moto chumbani, aliyeziba ufa amejifungia na sumu. Wala kuacha dirisha wazi kidogo si ruhusa ya kulala na jiko.

Karakana ina hatari yake nyingine. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na sakafuni ndipo jiko linapokaa. Hapo huhitaji sumu. Cheche moja yatosha kuwasha mvuke huo, vumbi la mbao na kila kitu.

Basi fundi mwenzangu, anza kwa kulitunza joto ulilonalo: piga silingi chini ya mabati, tandika mbao pale unaposimama, vaa sweta nzito. Kazi ya gundi na vanishi ifanye jua likiwa limepanda. Ukihitaji joto zaidi, nunua hita ya stima, hata kama itabidi uchange kidogo kidogo. Ipe soketi yake, usiichomeke kwenye ekstensheni moja na mashine ya msumeno. Iweke mbali na maranda, na uizime kabla ya kufungua kopo la thina. Hita ya gesi usiione salama kwa kuwa haina majivu. Nayo huwaka moto, na moto katika chumba kilichofungwa ni ule ule. Jiko la makaa libaki nje, la kupikia chai na kupashia mikono.

Na mtu akiumwa kichwa ndani, akapata nafuu nje, kisha kikamrudia ndani, msibishane. Fungueni milango, watoeni wote, jiko litolewe baadaye. Aliyelegea au kuzimia apelekwe hospitali mara moja, Wesu au Voi, palipo karibu, apewe oksijeni. Msipoteze muda kumnywesha maziwa; hayaitoi gesi hiyo kwenye damu, na aliyezimia yanaweza kumpalia. Madawati yanaweza kuchelewa wiki nzima na shule ikasamehe.