Nimalizie Hapa Tu

Fundi wa kisa hiki simpi jina, kwa sababu si mtu mmoja. Zunguka Kimara, Goba au Mbagala siku za mwisho za Ramadhani, wakati kila mwenye nyumba anataka ukuta wake ung'ae kabla ya Idi, utamkuta. Ni mtu wa miaka mingi kwenye rangi, mwenye mkono mwepesi, na wateja wake huambizana sifa zake. Siku hiyo alikuwa anamalizia nyumba ya ghorofa moja upande wa barazani.

Ngazi yake ilikuwa ya mirunda. Nguzo mbili, na vidato vya mbao za mbili kwa mbili vilivyopigiliwa misumari ya inchi nne, bila kuchongewa mahali pa kukaa, kiasi kwamba uzito wote wa mpandaji ulikuwa juu ya misumari. Aliiazima kwenye saiti ya jirani, ambako ililala nje masika yote. Kwa mbali ilionekana ngazi nzima. Ukiisogelea, uliona vichwa vya misumari vimeanza kuchomoza na kutu imeteremka kwenye mbao kama machozi. Kidato cha tano kilikuwa na ufa, lakini ufa wenyewe ulizibwa na matone ya rangi, nyeupe juu ya kijani juu ya rangi ya maziwa, nyumba baada ya nyumba. Ngazi ya mbao haifai kupakwa rangi kwa sababu hiyo hiyo: rangi huficha ufa. Anayetaka kuikinga na maji aipake vanishi inayoonyesha mbao.

Hata hivyo, kidato cha tano hakikuvunjika siku ile. Kilichomwangusha kilikuwa chini, miguuni pa ngazi.

Baraza lilikuwa limewekwa vigae vipya, na juu ya vigae kulikuwa na vumbi la skimu waliyopiga msasa asubuhi, laini kama unga wa muhogo. Saidia fundi, kijana wa mtaani aliyekuwa na miezi michache tu kwenye kazi hiyo, aliisukuma ngazi kidogo kwa mguu ikasogea.

"Fundi, hii inateleza. Tufagie kwanza, au tuifunge kwenye nguzo."

"Weka mfuko wa saruji hapo chini, dogo. Mimi nimeanza kupanda ngazi wewe hujazaliwa."

"Sawa, fundi."

Akaweka mfuko mtupu, ukawa mtelezo juu ya mtelezo. Kisha akasimama na kushika, kama alivyofundishwa. Mwenye nyumba akatokea mlangoni: "Fundi, jioni wageni wanaanza kuingia." Akajibiwa: "Usijali mama, saa tisa nakukabidhi." Saa tisa ilipokaribia, rangi ya mafuta ya mbao za ukingo wa paa ikawa nzito. Fundi akamtuma kijana dukani kuleta thina. Kijana akauliza nani atashika ngazi. "Nenda bwana. Nimalizie hapa tu."

Naomba msomaji akae na maneno hayo matatu, kwani ndiyo ninayoyasikia kwenye kila saiti. Kona iliyobaki ilikuwa mbali kidogo kuliko urefu wa mkono. Kushuka, kusogeza ngazi na kupanda tena kungemchukua dakika mbili. Yeye akainamia kulia, kiuno kikatoka nje ya nguzo ya ngazi, mguu wa kushoto ukaacha kidato, na mkono mmoja ukashika brashi huku mwingine ukiwa na kopo. Hapo hakukuwa na mkono hata mmoja uliokuwa wa ngazi. Uzito ulipohamia upande mmoja, mguu wa ngazi ukaondoka pamoja na mfuko wake juu ya lile vumbi.

Mtu anayeanguka kutoka mita 3 hufika chini kabla sekunde moja haijatimia, akiwa kwenye mwendo wa kilomita 27 hivi kwa saa. Hakuna muda wa kujishika wala wa kuruka vizuri. Fundi alitua kwa mgongo kwenye ukingo wa ngazi za baraza.

Yaliyofuata yalifanywa kwa upendo, na ndiyo yanayoniuma zaidi. Majirani wanne walikuja mbio, wakamnyanyua huyu mikono, yule miguu, wakamkunja ili aingie kwenye bajaji. Pingili ya mgongo ikiwa imevunjika, kumkunja majeruhi kunaweza kuikata neva iliyokuwa bado nzima. Mtu aliyeanguka kutoka juu akilalamika mgongo au shingo, au asiposikia miguu, asiketishwe wala asinyanyuliwe kwa viungo. Mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine atafute gari la wagonjwa. Likikosekana kabisa, itafutwe mbao pana au mlango, avingirishwe juu yake mwili mzima kwa pamoja, na kuitwe pikapu ambayo atalala ndani yake amenyooka. Kungoja robo saa kwa utulivu kunaweza kumbakishia mtu miguu yake.

Fundi wetu alipona, lakini miguu haikurudi. Kundi la WhatsApp la mafundi lilichanga mara ya kwanza vizuri, mara ya pili kidogo, ya tatu halikuchanga. Mkewe akaanza kukaanga maandazi alfajiri. Mwenye nyumba alilipa kazi yote, hata kona ambayo haikumalizika, akaja kumsalimu mara mbili. Kisheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayomtaka mwajiri kulinda watu wake kazini, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia bila kumkata mfanyakazi. Lakini fundi aliyeitwa kwa simu na kulipwa mkononi, bila karatasi wala mkataba, mwajiri wake ni nani? Yeye mwenyewe hakuwa amemwandikisha yule kijana popote. Kama angeanguka kijana, hadithi ingekuwa ile ile.

Waliokuja kumtazama walisema ajali haina kinga. Ni neno la kumfariji mgonjwa, na kitandani lina mahali pake. Kwenye saiti silikubali. Ajali hii ilikuwa na kinga yake, nayo ilikuwa ufagio. Ilikuwa pia kipande cha kamba cha kuifunga ngazi kwenye nguzo ya baraza, na dakika mbili za kushuka na kusogeza. Na kinga kubwa kuliko zote ilikuwa imekwisha kusema kwa sauti: "Fundi, hii inateleza."

Hapa ndipo nina neno na mafundi wakubwa, ambao nawaheshimu. Tumewalea vijana wa kazi kwenye adabu ya kuitikia "sawa, fundi" kwa kila jambo. Adabu hiyo inafaa kwenye kujifunza kuchanganya rangi. Haifai kwenye ngazi, kwa sababu aliye juu haoni miguu ya ngazi, na aliye chini ndiye pekee anayeiona. Basi mpe neno. Kabla hujapanda, mwambie waziwazi kwamba akisema "shuka" utashuka bila kuuliza, na akisema ngazi haijakaa sawa, haitapandwa. Na akishika ngazi, hiyo ndiyo kazi yake mpaka mguu wako uguse ardhi. Thina inaweza kungoja.

Kuisimamisha ngazi vizuri hakuhitaji vifaa. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke ukutani mita 1. Huna futi kamba? Simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega: viganja vikifika kwenye kidato, imekaa sawa. Ikiwa wima mno itakuvuta nyuma, ikiwa imelala mno itateleza. Ukipanda kwenda juu ya paa, ngazi izidi ukingo kwa mita 1 hivi ili uwe na pa kushika unapotoka, na ifungwe juu. Kopo litundikwe kwa ndoano, mkono ubaki wa kushikia. Katika kupanda na kushuka, uso uelekee ngazi, na viungo vitatu kati ya mikono na miguu viwe juu yake muda wote. Kitovu kisitoke nje ya nguzo mbili. Kikitaka kutoka, hiyo ndiyo alama ya kushuka na kusogeza.

Wenye ngazi za alumini mna jambo la ziada: alumini hupitisha umeme. Baadhi ya nyaya zinazopita mitaani kwetu ni za volti 11,000 au 33,000, na nyingine zimepita karibu sana na kuta za nyumba zilizojengwa baadaye. Ngazi hiyo ibebwe ikiwa imelala, isinyanyuliwe karibu na waya, na fundi wa umeme asiitumie kabisa.

Nawe mwenye nyumba, Idi na Krismasi hazibadiliki tarehe kwa ajili ya fundi, kwa hiyo mwite mapema. Akifika, kabla hujampa kianzio, toka nje uitazame ngazi aliyokuja nayo na mahali atakapoisimamisha. Fagia baraza lako. Na ukisikia anasema amalizie hapo tu, huku hakuna aliyeshika ngazi chini, mwambie ashuke.