Utii wa mke una mpaka gani?

Kuna swali ambalo wachumba huliuliza kwa sauti ndogo, na mara nyingi ni msichana anayeliuliza: nikiisha kuolewa, nitabaki na neno langu? Wengine hulicheka. Husema ni swali la siku hizi, limeletwa na masomo na maisha ya mjini. Sivyo. Yapata miaka mia moja na themanini iliyopita, huko Uingereza, binti wa mchungaji mmoja wa Kiprotestanti alitunga kitabu kizima juu ya swali hilo, na watu wengi wakamkasirikia.

Jina lake Anne Brontë. Mwaka 1848 alitoa riwaya, yaani hadithi ndefu, iitwayo The Tenant of Wildfell Hall, maana yake Mpangaji wa Wildfell Hall. Juu ya kitabu aliandika jina la Acton Bell, jina ambalo halionyeshi kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Magazeti mengine yalisema kitabu hicho hakifai kusomwa na wasichana. Mwaka uliofuata Anne alikufa, hajatimiza miaka 30, na hata dada yake Charlotte hakutaka kitabu kile kichapwe tena.

Ili tuelewe hasira hiyo, tujue kwanza sheria ya Waingereza ya wakati ule. Mwanamke akiolewa, mbele ya sheria yeye na mumewe wamekuwa mtu mmoja, na mtu yule mmoja ni mume. Feza anayopata mke kwa kazi ya mikono yake ni ya mume. Mke hawezi kufanya mapatano kwa jina lake, wala kumshitaki mtu barazani peke yake. Watoto ni wa baba. Ilikuwa mwaka 1839 tu mama aliporuhusiwa kuomba barazani apewe watoto walio chini ya miaka 7. Mshahara wake aliruhusiwa kuushika mwaka 1870, na mali yake mwaka 1882. Mambo ya riwaya hii yamewekwa kabla ya hayo yote.

Sasa mwangalieni Helen. Ana miaka 18, anampenda Arthur Huntingdon, kijana mzuri wa sura, mcheshi, mwenye mali. Shangazi yake anamwonya. Yeye anajibu kwamba atamgeuza kwa upendo. (Ni wasichana wangapi wamesema vile!) Baada ya arusi mume anakunywa, anakaa London miezi mizima, anazini na mke wa rafiki yake chini ya paa la nyumba yake mwenyewe. Helen anavumilia. Kinachomfanya aamue kuondoka ni mtoto. Mvulana angali mdogo sana, na baba yake anamzoeza kunywa divai na kutukana kama watu wazima, huku rafiki zake wakicheka.

Basi Helen anaanza kuchora picha za kuuza, apate feza ya safari. Mume anasoma daftari lake la siri, anamnyang’anya funguo, anatupa motoni rangi na brashi zake. Je, ameiba? Kwa sheria, hapana. Vyote vilikuwa mali yake. Mwizi ni Helen, siku anapotoroka alfajiri pamoja na mtoto na mtumishi wake Rachel. Hata picha atakazochora huko mafichoni, kwa sheria ile, ni mali ya mtu yule yule aliyechoma vyombo vyake.

Alitenda dhambi? Najua wako watakaojibu upesi: mke avumilie, ndoa ni msalaba. Lakini sheria ya Kanisa letu haijibu hivyo. Kanuni ya 1153 yasema kwamba mmoja akimtia mwenziwe au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, mwenziwe ana sababu halali ya kutengana naye. Kifungo cha ndoa chabaki. Helen alikuwa Mprotestanti, na kanuni hiyo katika umbo lake la leo ni ya mwaka 1983. Hata hivyo alitenda karibu sawasawa nayo. Huko alikojificha, mkulima mmoja, Gilbert Markham, anampenda, naye anampenda. Helen anampa asome daftari lake, ajue kwamba ana mume, kisha anamwambia wasionane tena. Hakutoroka ili apate mwanamume mwingine.

Mtu atasema: umejichagulia mwanamke mwema, na wengine je? Kweli, wako wengine. Mwaka 1857 Mfaransa Gustave Flaubert alitoa kitabu cha Madame Bovary, akapelekwa barazani kwa ajili yake, akaachiliwa. Emma, mke wa mganga wa kijijini, anapata kwa mumewe karatasi ya kumruhusu kutia saini mahali pake. Anakopa na kukopa, ana wapenzi, mwisho anakula sumu. Wengi husema: mnaona, mwanamke akipewa saini, nyumba inaungua. Mimi naona jambo jingine. Mumewe Charles alikuwa mtu mpole, lakini hakuwahi kukaa naye wakashauriana kama watu wawili wenye nyumba moja. Uhuru wote alioupata Emma aliupata kwa uficho, na uficho haumfundishi mtu hesabu.

Lakini kitabu kinachogusa hasa shina la jambo ni Middlemarch, kilichotoka kwa sehemu tangu mwaka 1871 hata 1872. Mwandishi alijiita George Eliot, kumbe ni mwanamke, Mary Ann Evans. Yeye mwenyewe aliishi na mwanamume asiyefunga naye ndoa, jambo tusilolisifu; lakini aliona vizuri yaliyomo katika nyumba za wengine. Dorothea wake anaolewa na Casaubon, mchungaji mwenye umri mkubwa, anayekusanya maandishi ya kitabu kisichokwisha. Dorothea anataka kutii! Ndiyo furaha yake, kumsaidia mtu mwenye elimu. Usiku mmoja mume, ambaye ni mgonjwa, anamwomba aahidi kwamba, yeye akifa, mke atafanya yote anayotaka na kuepuka yote asiyotaka. Yapi? Hasemi. Dorothea anaomba angoje hata kesho. Anahangaika usiku kucha, kisha anaamua kukubali. Anamfuata bustanini kumpa jibu, anamkuta amekufa.

Kwa nini mke anayependa kutii aliogopa hivyo? Kwa sababu hapa hakuombwa utii. Aliombwa akabidhi dhamiri yake ikiwa imefungwa macho. Kutii ni tendo la mtu: anasikia, anafahamu, anakubali. Jembe halitii, linatumiwa tu. Mume anayetaka mke asiye na neno lake ametaka jembe, halafu jioni anashangaa kwamba hakuna mtu wa kuzungumza naye. Na Casaubon hakupata amani kwa njia hiyo. Alikufa akimwogopa mke aliyetaka kumtumikia.

Msidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimwamuru mke kumtii mume. Wabelgiji waliishika, nayo ikaacha alama katika sheria za Kongo. Kitabu chetu cha sheria za jamaa cha mwaka 1987 kilitaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kumfunga kutenda kazi kwa nafsi yake. Mwaka 2016 sharti hilo liliondolewa. Lakini mama anayeuza samaki sokoni, anayelipa feza ya shule ya watoto wote, bado huulizwa jioni kwa ukali feza nyingine iko wapi, naye haruhusiwi kuuliza swali lilo hilo.

Turudi kwa Helen. Huntingdon anaanguka katika farasi, anaugua, na rafiki zake wa divai hawaonekani. Helen anarudi kumwuguza. Hakuna aliyemlazimisha. Mgonjwa anataka kumwona mwanawe. Helen anamletea kwanza karatasi: atie saini kwamba mtoto yu chini ya ulinzi wa mama, na kwamba mama aweza kumwondoa atakapoona inafaa. Mume ananung’unika kwamba anatendewa kwa ukali. Helen anangoja. Anapokwisha kutia saini, ndipo anapokwenda kumleta mtoto. Na tangu siku ile anamtunza mumewe, usiku na mchana, hata kufa kwake.