Sikukuu na Kilio cha Mtoto

 

Ndugu zetu Waislamu, kila ipambazukapo Idd el-Fitr katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Majengo ya Pumwani hata Kaloleni na Shauri Moyo, watoto huvikwa nguo mpya wakapita nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idd. Nyumba hii huwapa kashata, ile visheti, ya tatu peremende na soda. Ifikapo adhuhuri mama humwambia mwanawe wa miaka mitatu, "Basi mwanangu, yatosha." Mtoto hujitupa chini, akapiga mateke na mayowe mpaka majirani wakachungulia. Mama huona haya, akamrudishia peremende ili anyamaze.

Sisi twauliza: ni nani aliyeshindwa siku hiyo? Mwezi mzima tumezizuia nafsi zetu chakula na maji kwa amri ya Mola wetu, kisha siku ya kwanza ya Shawwal twashindwa na kilio cha mtoto! Wako wasemao kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Wembe humkata mara moja akajua. Lakini peremende ya kunyamazia humfundisha kwamba neno la mzazi halina uzito. Wazee wetu walinena vyema zaidi: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Mwongozo hauko mbali. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kwamba Hasan bin Ali, angali mdogo, alitwaa tende moja katika tende za sadaka akaitia kinywani. Mtume (S.A.W.) alimkataza kwa sauti waambiwayo watoto wachanga ili wateme, kisha akamweleza sababu, kwamba wao hawali sadaka. Zingatieni: kitu chenyewe ni tende moja, na mtoto ni mjukuu apendwaye, hata hivyo hakuachiwa. Wala hakupigwa, wala hakutukanwa.

Na Anas bin Malik asimulia kwamba Mtume hakuwa akitoka kwenda kusali Idd el-Fitr mpaka ale tende, nazo kwa hisabu ya witiri. Basi utamu ni sunna ya siku hiyo, na hisabu pia.

Kwa hivyo twausia mambo manne. Kwanza, mpaka uwekwe kabla ya kutoka nyumbani, si mbele ya sahani. Mtoto aambiwe atakula ngapi, na zilizosalia zitiwe mkebeni kwa siku nyingine; nyanya na shangazi nao waambiwe, wasimpe kwa siri.

Pili, akilia, aondolewe penye watu, mzazi akae naye karibu kwa utulivu, asimcheke wala asimpige. Maneno ya mtoto huyo ni machache kuliko matamanio yake. Kilio chake si uasi, wala si pepo wa kutafutiwa hirizi. Kalamu imeinuliwa juu yake. Haikuinuliwa juu yetu.

Tatu, asidanganywe. Abu Daud amepokea kwamba mama mmoja alimwita mwanawe akimwahidi kumpa kitu. Mtume alimwuliza alikusudia kumpa nini. Aliposema tende, akambainishia kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uwongo. Ni wangapi kati yetu husema "kesho nitakununulia" bila nia?

Nne, baba asikae barazani akamwachia mama vita peke yake, kisha akarudi na mfuko wa peremende ili yeye apendwe.

Msidhani jambo hili ni dogo. Mtoto huyu kesho atasimama katika pembe za mitaa hii hii, na wenziwe watamwonyesha miraa na bangi. Asiyeambiwa "basi" na wampendao atajifunzia wapi kujiambia mwenyewe?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe upole usio udhaifu na uthabiti usio ukali, na awafanye wana wetu kitulizo cha macho yetu. Amin.