Haki ya Mgeni katika Yadi ya Motokaa

Biashara ya motokaa zilizokwisha tumika ni biashara ya habari kabla ya kuwa biashara ya chuma. Kitambaa hupimwa kwa dhiraa na mchele kwa kilo, na macho ya mnunuzi yakatosha kuwa hakimu. Lakini motokaa iliyotembea miaka saba au minane katika nchi ya mbali huja na maisha yake yamefichwa chini ya rangi. Nani aliiendesha, iligongwa au haikugongwa, iliwahi kuzama katika mafuriko au la, mambo hayo hayaandikwi juu ya kioo. Hata mita ya kilomita, ambayo ilikusudiwa iwe shahidi, yaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye chombo kidogo cha mkononi. Mnunuzi basi hununua chuma pamoja na habari za chuma kile, na habari hizo aghalabu zimo katika kinywa cha mtu mmoja, naye ndiye anayetaka kuuza.

Kwa sababu hiyo yadi nyingi za motokaa za Dar es Salaam na Mombasa zimekuwa mahali pa maisha ya watu, si mahali pa kuuzia tu. Pana benchi kivulini na birika la kahawa. Wateja wa zamani hupita kusalimu hata siku wasiyokuwa na haja ya kununua kitu. Mmoja husimulia jinsi motokaa aliyoitoa pale ilivyomfikisha mama yake mgonjwa Muhimbili usiku wa mvua kubwa. Mwingine husimulia arusi ya binti yake na msafara uliotia fora mtaa mzima. Mwenye yadi hutoa gari la kupeleka maiti kijijini, huchangia karamu, humvumilia mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa. Ukutani zimetundikwa picha za wanunuzi siku ya kupokea funguo, wote wakicheka. Atakayesema kuwa haya yote ni hila ya kuvuta wateja atakuwa amesema kwa ukali uliopita kiasi. Mtu aweza kupata faida katika wema wake na wema ukabaki wema.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliligusa jambo hili mwaka 1785 kwa mfano wa mwenye duka asiyempandishia bei mnunuzi asiyejua mambo, hata mtoto akahudumiwa sawa na mtu mzima. Watu wametendewa haki, alisema Kant, lakini haitoshi kuamini kwamba mwenye duka ametenda hivyo kwa ajili ya haki, maana faida yake mwenyewe ilimtaka atende vile. Swali hilo ni gumu, nalo lina kasoro moja: kipimo chake kimo ndani ya kifua cha mtu, na kifua cha mtu hakifunguliwi kama boneti. Liko swali jingine lililo jepesi kupimwa na zito zaidi kwa matokeo yake. Uaminifu wa mwenye yadi unamfikia nani, na unakoma wapi?

Na ichukuliwe motokaa moja nyeupe iliyoshuka bandarini juma lililopita. Ubavu wake wa kulia uligongwa huko Japani, ukanyoshwa na kupakwa rangi kwa ufundi mzuri, ila chasisi haikurudi sawa. Mwenye yadi anajua, kwa kuwa cheti cha ukaguzi wa mnada kimo katika mtoto wa meza yake. Asubuhi anakuja kijana wa mtaani, mwana wa rafiki yake. Anaizunguka motokaa, anaipenda. Mwenye yadi anamwita kando na kumwambia, “Mwanangu, hiyo iache. Ngoja meli ijayo.” Kijana anajibu, “Ahsante, mzee,” anakunywa kahawa yake na kwenda zake. Adhuhuri anakuja mgeni kutoka Sumbawanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na mfukoni ana fedha za mavuno ya misimu miwili. Anauliza habari za mafuta, anauliza bei ya vipuri, na katika hayo anajibiwa kweli tupu. Habari ya chasisi haulizi, kwa kuwa hajui kwamba ni kitu cha kuulizwa. Kabla ya magharibi motokaa nyeupe imetoka langoni.

Hapana neno la uongo lililosemwa siku ile. Walakini mtu mmoja alipewa ukweli na mwingine alinyimwa, na tofauti kati yao haikuwa bei, maana wote wawili walitajiwa bei ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja atarudi kesho na mwingine hatarudi.

Mtetezi wa mwenye yadi ana maneno ya kusema, na si maneno ya kudharauliwa. Atasema kwamba undugu una daraja zake: mtu hamtendei mpita njia kama anavyomtendea mwana wa rafiki yake, na ulimwengu ambamo wote ni sawa moyoni ni ulimwengu usiokuwa na rafiki. Hilo ni kweli katika karama. Mwenye yadi akimpunguzia kijana wa mtaani bei, akimkopesha bila hati, akimpa magurudumu mapya bure, mgeni hana haki ya kulalamika; mtoaji huchagua wa kumpa. Lakini habari ya ila iliyomo ndani ya bidhaa haimo katika hesabu ya karama. Imo katika hesabu ya deni. Aliyepokea bei kamili ya motokaa nzima amekwisha lipwa thamani ya uzima wake, na kama uzima huo haupo, basi ameshika mkononi fedha ya kitu asichokitoa. Deni halina ujamaa. Mwenye kudaiwa hamlipi jirani na kumwacha mgeni kwa hoja kwamba mgeni anakaa mbali.

Mtetezi atarudi kwa upande mwingine na kusema kuwa kunyamaza si kuficha. Hoja hii ni ya kale. Cicero, Mrumi aliyemwandikia mwanawe kitabu cha wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater, juu ya mfanyabiashara aliyefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa huku akijua kwamba merikebu nyingine zenye nafaka zi njiani. Je, awaambie watu au auze kwanza kwa bei ya njaa? Diogenes alimruhusu kunyamaza, Antipater alimkatalia, na Cicero akaelekea upande wa Antipater. Lakini yafaa kuangaliwa kwamba kesi ya yadi ni nyepesi kuliko ile. Merikebu zilizokuwa baharini hazikuwa ila ya nafaka; nafaka yenyewe ilikuwa nzima. Chasisi iliyopinda imo ndani ya kitu kinachouzwa, na mtu wa Sumbawanga atailalia na kuamka nayo.

Yapo pia maelezo ya wachumi. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof, aliyekuja kushiriki tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza kwa mfano wa motokaa hizi hizi kwamba muuzaji akijua na mnunuzi asijue, mnunuzi hutoa bei ya wastani kwa hofu. Wenye motokaa nzuri huona bei hiyo haiwatoshi, wakaziondoa sokoni, na soko likabaki na mbovu. Benchi la kivulini ni dawa ambayo watu wenyewe wameitunga kwa maradhi hayo: hofu hupungua pale ambapo watu wanajuana. Dawa ni nzuri, ila ina ua, na nje ya ua maradhi huzidi, kwa sababu motokaa ambazo wenyeji wameonywa lazima zipate mtu wa kuzinunua.

Hapa ndipo lawama inapowagusa watu ambao hawakuuza kitu. Wale wa benchini walikuwapo asubuhi, nao walisikia. Mgeni alipofika walimsogezea nafasi, wakammiminia kahawa, wakamsimulia habari ya Muhimbili na habari ya arusi. Kila walilosema lilikuwa kweli. Lakini benchi lile huketi wale tu walioambiwa, “Ngoja meli ijayo.” Walionyamaziwa wako mbali, wakihangaika na magurudumu yanayolika upande mmoja, na masimulizi yao hayana kivuli cha kukalia. Kweli nyingi zilizochaguliwa namna hiyo zilimfanyia mgeni kazi ya uongo mmoja, tena kwa nguvu zaidi, kwani uongo wa muuzaji angeushuku. Ukarimu wa kahawa hauwezi kumwondolea mtu ushahidi alio nao. Hata mmoja wao angetosha, kwa sentensi moja, langoni.

Katika mafunzo ya Kiislamu, yaliyokaa karne nyingi katika masoko ya pwani, imo habari ya Mtume kuingiza mkono katika chungu ya nafaka na vidole vyake kukuta unyevu. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Hakuulizwa kwa nini hakumnong’oneza jirani yake.

Kwa yadi ya leo jambo hilo ni karatasi moja na uzi. Cheti cha mnada hutolewa katika mtoto wa meza, kikafungwa kwenye kioo cha motokaa nyeupe tangu siku inapoingia, na chini yake yakaandikwa kwa Kiswahili maneno ya ubavu na chasisi, kabla haijajulikana ni nani atakayefika kwanza. Bei itashuka. Mgeni wa Sumbawanga ataisoma, atatikisa kichwa, atakwenda kuitazama motokaa ya pili. Baada ya siku kadhaa atakuja fundi mwenye gereji, mtu ajuaye kunyosha vyuma au kuvifungua kimoja kimoja, ataisoma karatasi ile ile, na kuilipia motokaa iliyogongwa bei ya motokaa iliyogongwa.